Mezani kwa Familia ya Parr: The Incredibles Bado Haijachuja

Mama yangu mzazi hana Kiingereza zaidi ya salamu, na katuni kwake ni kitu cha kuwatuliza watoto ili watu wazima wapike kwa amani. Alipokuja kutusalimia mwezi uliopita, alikaa sebuleni na ungo mapajani akichambua mchele, huku wajukuu wake wakiitazama The Incredibles kwa mara ambayo nimeshapoteza hesabu yake. Ilipofika sehemu ambayo yule mama wa familia anaendesha ndege peke yake juu ya bahari, makombora yanamfuata, na watoto wake wawili wamo nyuma yake, niliona mikono ya Mama imesimama juu ya ungo. Hakuuliza chochote kuhusu nguvu za ajabu wala kuhusu mavazi mekundu ya kubana. Aliuliza jambo moja tu: “Baba yao yuko wapi?”

Nimeitazama filamu hii tangu nikiwa kijana asiye na mke, na sijawahi kusikia mtu akiipatia kwa maneno machache kiasi hicho. Baba yao yuko wapi ndilo swali ambalo filamu nzima imejengwa juu yake, na mvuto wake, ambao kwangu umeongezeka kadiri umri ulivyosogea, unatokana na kwamba swali hilo linachukuliwa kwa uzito ule ule unaopewa makombora.

Filamu ilitoka Marekani tarehe 5 Novemba 2004, ikiwa ya sita kutengenezwa na studio ya Pixar na ya kwanza ya studio hiyo ambayo wahusika wake wakuu wote ni binadamu. Aliyeiandika na kuiongoza ni Brad Bird, ambaye mwaka 1999 alikuwa ametengeneza filamu iliyosifiwa na wahakiki lakini ikakosa watazamaji, na ambaye ameeleza kwamba wazo la familia hii lilizaliwa katika kipindi alichokuwa akivutwa huku na huku, upande mmoja kazi anayoipenda, upande wa pili familia inayomhitaji. Ina dakika 115, muda mrefu kwa filamu ya katuni, na ilikuwa ya kwanza ya Pixar kuwekewa alama ya kuwataka wazazi wa Marekani wawaongoze watoto wao wanapoitazama. Iliingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani kote, na katika tuzo za Oscar za mwaka 2005 ilishinda ile ya filamu bora ya katuni pamoja na ile ya uhariri wa sauti.

Hadithi inaanza kwa mahojiano, picha ikiwa finyu na yenye sura ya mkanda wa zamani. Bob Parr, ambaye mjini Metroville anajulikana kwa jina la Mr. Incredible, anahangaika kwanza kuibandika maikrofoni kifuani, kisha analalamika kwamba dunia haikai ikaokoka: unaiokoa leo, kesho imeharibika tena, naye anajiona kama mfanyakazi wa ndani aliyemaliza kusafisha sasa hivi na anayeomba pakae safi japo kwa dakika chache. Anakiri kwamba wakati mwingine anatamani maisha ya kawaida, atulie, alee familia. Helen, yaani Elastigirl, anaulizwa hilo hilo na anashangaa: atulie vipi, wakati ndio kwanza nyota yake imeng’aa? Mtazamaji anayeyashika maneno hayo ya mwanzo kabisa atayaona yakipinduka. Miaka 15 baadaye aliyetamani kutulia ndiye asiyekalika nyumbani, na aliyeapa kutotulia ndiye anayeishikilia nyumba isianguke. Bird hamwelezi mtu jambo hilo, anaacha tulione wenyewe, na mimi nilihitaji kuitazama filamu mara ya tatu au ya nne ndipo nikaliona.

Kinachowashusha mashujaa si adui mwenye mtambo wa kuangamiza dunia. Ni kesi. Mtu mmoja aliyejirusha kutoka juu ya jengo akitaka kujiua, akadakwa hewani, anamshtaki aliyemdaka kwa kumwokoa bila kuombwa, na abiria wa treni walioumia siku hiyo hiyo nao wanaenda mahakamani. Madai yanarundikana hadi serikali inachoka kulipa, na mashujaa wanafichwa mitaani kwa sharti la kutozitumia tena nguvu zao. Bob, mtu anayeweza kuinua gari kwa mikono miwili, anaishia kuwa karani wa kampuni ya bima, amekaa kwenye kijichumba ambacho nusu yake imeliwa na nguzo ya jengo.

Sehemu hiyo ya ofisini ni fupi, lakini ni miongoni mwa dakika nzuri kuliko zote nilizowahi kuona katika filamu inayodaiwa kuwa ya watoto. Bibi kizee amekaa mbele ya Bob, dai lake limekataliwa, hana pesa, na Bob anatakiwa kumwambia pole na kumtoa nje. Badala yake anainama na kumnong’oneza afuate fomu gani, ampelekee nani, katika ghorofa ya ngapi, kisha anapaza sauti na kujifanya amemkatalia ili wenzake wasishtuke, na bibi naye anaelewa mchezo na kujifanya analia. Mwaka fulani mimi mwenyewe nilikaa upande wa pili wa meza kama ile, katika kampuni nisiyoitaja, nikifuatilia fidia ya pikipiki iliyogongwa, na karani alinisomea kifungu kimoja mara tatu bila kuniangalia usoni. Kwa hiyo ninapomwona Bob akinong’ona, namwona shujaa zaidi kuliko wakati anaposimamisha treni kwa mabega yake. Bosi wake, mtu mfupi anayepanga penseli mezani kwa unyoofu wa rula, hakasiriki kwa sababu Bob ni mzembe. Anakasirika kwa sababu wateja wa Bob wamezijua njia za ndani za kampuni na wanalipwa. Nje ya dirisha mtu anaporwa, Bob anataka kutoka kumsaidia, bosi anamtishia kumfukuza, naye anasita na kurudi. Kufumba na kufumbua mporaji ametoweka, na hapo ndipo bosi anatupwa kupitia ukuta mmoja baada ya mwingine. Watoto wangu hucheka sana hapo. Mimi huangalia ule mkono wa Bob ulioshika kitasa cha mlango, kile kitasa kinavyopondeka kama ulezi mkononi mwake wakati anajizuia.

Mengi yameandikwa kuhusu jinsi nguvu za kila mmoja zinavyolingana na nafasi yake nyumbani, na ni kweli, lakini naona inafaa kusema kwa nini jambo hilo linafanya kazi badala ya kulitaja tu. Baba ana nguvu za mwili kwa sababu baba anategemewa awe nguzo. Mama ananyumbuka kwa sababu mama anavutwa kila upande kwa wakati mmoja. Violet, binti wa kufungua mimba aliye katika umri wa kuona haya, anaweza kutoweka asionekane na kujizungushia ngao, na mzazi mwenye watoto wa umri huo nyumbani hahitaji maelezo zaidi. Dash, wa miaka kumi, ana mbio zisizo na breki. Jack-Jack, kitinda mimba, hakuna anayejua ana nini, kama ilivyo kwa kila mtoto mchanga. Kama ulinganifu huo ungeishia kwenye mchoro wa bango, ungekuwa ujanja wa kalamu tu. Lakini Bird anautumia ndani ya nyumba kwanza kabla ya kuupeleka vitani, kwa hiyo kufikia wakati Helen anapojinyoosha kupita milango mitatu ya chuma kwenye kisiwa cha adui, tumeshamwona akijinyoosha kwa jambo zito zaidi, nalo ni kuwatenganisha watoto wanaopigana mezani.

Meza hiyo ya chakula cha jioni inastahili kutazamwa polepole. Helen anamlisha Jack-Jack huku akijaribu kumweleza mumewe kwamba Dash ameitwa ofisini kwa mwalimu mkuu kwa kumwekea mwalimu pini kwenye kiti. Bob yupo, lakini hayupo. Anakata nyama ya mwanawe kwa niaba yake, mawazo yakiwa mbali, na kisu kinapita nyama, kinapita sahani, kinaingia kwenye mbao za meza. Anaposikia kwamba kamera ya mwalimu haikumnasa Dash kwa jinsi alivyokuwa na kasi, uso wake unachangamka kwa mara ya kwanza jioni ile, na anataka kujua mwana alikimbia kiasi gani, huku mkewe akimtazama kwa ile sura ambayo kila mwanamume aliyeoa anaifahamu. Ndugu wawili wanaanza kuchokozana kuhusu mvulana ambaye Violet anampenda, Dash anazunguka meza kwa kasi, Violet anatoweka na kutokea, mama amenyumbuka akizunguka miguu ya meza akiwashika wote wawili, na baba, anayeombwa afanye kitu, asimame, aingilie, anainua meza nzima juu pamoja na wote wanaoning’inia. Kengele ya mlango inalia. Kila mtu anarudi kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, sahani zimetulia, kama familia iliyochorwa kwenye kalenda.

Nimeishi jambo hilo. Sina mke anayenyumbuka, lakini kelele zile, na ukimya ule wa ghafla mgeni anapobisha hodi, nimezaliwa ndani yake na ninaendelea kuishi ndani yake. Ukweli ni kwamba filamu nyingi za mashujaa huiweka familia pembeni, kama kitu cha kutekwa nyara ili shujaa apate sababu ya kukasirika. Hapa familia ndiyo uwanja wenyewe wa pambano, na adui wa kisiwani amechelewa kufika.

Hata wivu wa ndoa umo. Kila Jumatano Bob humwaga Helen kwamba anaenda kucheza mchezo wa kuangusha pini na rafiki yake Lucius, kumbe wamekaa garini wakisikiliza redio ya polisi, wakitafuta mtu wa kuokoa kwa siri. Anaporudi usiku na vipande vya zege begani, mkewe amekaa gizani akimsubiri. Baadaye, Bob akiwa ameshafukuzwa kazi na ameificha habari hiyo, anaanza “safari za kikazi”, anapunguza uzito, ananunua gari jipya, anamchangamkia mkewe kuliko zamani. Helen anakuta unywele mmoja wa rangi ya fedha kwenye koti. Mtoto wa miaka saba haoni chochote hapo. Mtu mzima anashika pumzi. Uzuri ni kwamba filamu haimdhihaki Helen kwa kushuku, wala haimfanyi Bob mwasherati: amemsaliti kweli, isipokuwa aliyemsaliti naye si mwanamke, ni ujana wake mwenyewe.

Narudi kwenye ndege. Helen ameazima ndege kwa rafiki wa zamani ili amfuate Bob, aliyetekwa kisiwani, na anazungumza redioni kwa lugha kavu ya rubani, sauti ya mwigizaji Holly Hunter ikiwa tulivu mwanzoni kisha ikianza kukatika. Makombora yanarushwa kutoka kisiwani. Anagundua kwamba Violet na Dash wamejificha nyuma. Anamwamuru binti yake aizungushie ndege ngao, jambo ambalo miaka yote amemkataza kulifanya hata kwa udogo, na Violet anajaribu, ngao inawaka kidogo, inazimika. Mama anaita redioni kwamba ndani kuna watoto, anarudia kwamba ndani kuna watoto, na makombora hayasikii. Sekunde ya mwisho anaacha usukani na kujifunga kuwazunguka watoto wake kama kanga inavyozunguka mwili. Muziki hapo hauchezi mizaha hata kidogo. Katika chumba cha chini ya ardhi, Bob aliyefungwa anasikia sauti hiyo yote kupitia redio, halafu anasikia kimya.

Mama alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye mkeka. Helen alipogeuka mwavuli wa kuwashushia watoto, kisha akawa boti juu ya maji, na Dash akawa injini kwa kuchapa miguu nyuma, Mama alikaa tena na kusema, “Mama ni mama,” akashika ungo wake. Hakuwa ameelewa neno hata moja la Kiingereza. Naona hicho ni kipimo cha uongozaji ambacho hakuna tuzo inayokipima.

Kinachofuata pangoni ndicho kinachonifanya nimheshimu sana mwandishi. Helen anawakalisha watoto na kuwaambia waziwazi kwamba watu wa kisiwa hiki si kama wabaya wa katuni za asubuhi, kwamba hawatawahurumia kwa kuwa ni watoto, kwamba wakipata nafasi watawaua. Anawapa barakoa za macho. Kisha anamwendea binti yake na kumwomba radhi: haikuwa haki kumtaka afanye ghafla kitu kikubwa kiasi kile. Mzazi kumwomba mtoto radhi, pasipo mbwembwe, katikati ya hatari, si jambo tunaloliona mara nyingi kwenye skrini, na si jambo ambalo wengi wetu tulilelewa nalo. Binti yangu wa miaka kumi na mitatu, ambaye siku hizi anazungumza nami kwa kuinua mabega, hukaa kimya kabisa sehemu hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo nawashauri wazazi wasidanganywe na neno katuni. Watu wanakufa humu. Kuna jaribio la kujiua mwanzoni, kuna orodha ya mashujaa waliouawa mmoja mmoja na mashine ya kisiwani, kuna walinzi wanaolipuka wakiwafukuza watoto msituni. Hakuna damu na hakuna matusi, lakini hofu ni ya kweli. Kwa mtoto chini ya miaka sita ningesubiri, au ningekaa naye. Mwanangu aliiona akiwa na miaka mitano, na kwa majuma mawili alikataa kulala hadi taa ya koridoni iwashwe. Sasa ana tisa na anamwiga Dash kwa kukimbia kutoka jikoni hadi sebuleni, hasa ile sehemu Dash anapotazama chini na kugundua kwamba anakimbia juu ya maji na hazami, akacheka kicheko cha mtu aliyeruhusiwa hatimaye kuwa yeye. Sauti ya Dash ni ya mtoto kweli, Spencer Fox, na ili pumzi zisikike za mtu aliyekimbia, Bird alimkimbiza kuizunguka studio kabla ya kurekodi. Inasikika.

Edna Mode, mbunifu wa mavazi ya mashujaa, anastahili neno lake. Ni mwanamke mfupi, ana miwani mikubwa ya duara, haombi ruhusa ya mtu, na sauti yake ni ya Brad Bird mwenyewe. Anakataa katakata kumshonea Bob joho la mabegani, na anamtajia mmoja mmoja mashujaa walioponzwa na majoho yao: aliyenaswa kwenye kombora, aliyevutwa na injini ya ndege, aliyezama kwenye mkondo. Watu hukumbuka vichekesho vya hotuba hiyo, na ni haki yao, kwa kuwa inachekesha. Lakini nampendea zaidi jambo lingine. Helen anapolia nyumbani kwa Edna kwamba mumewe amempotea, Edna hamkumbatii. Anampiga kwa karatasi zilizoviringishwa, anamkumbusha yeye ni nani, kisha anamwambia aende akapigane. Kila ukoo una shangazi wa namna hiyo, na hapa kwetu huitwa wakati ndoa inapotikisika kwa sababu hiyo hiyo.

Adui, Syndrome, alikuwa zamani mtoto aitwaye Buddy aliyemwabudu Mr. Incredible na kutaka kuwa msaidizi wake. Alifukuzwa kwa maneno makali, akakua akiwa na kinyongo, akatajirika kwa kuuza silaha, na sasa anataka kuliachilia mjini roboti lililoua mashujaa halisi ili alishinde mwenyewe mbele ya watu na kushangiliwa. Ni adui mzuri kwa sababu jeraha lake tumeliona likitiwa, na aliyelitia ni shujaa wetu. Hapo hapo ndipo penye jambo ambalo sijaridhika nalo. Syndrome anatangaza kwamba akizeeka atauza vifaa vyake ili kila mtu awe na nguvu, na kila mtu akiwa nazo, basi hakuna atakayekuwa wa pekee. Maneno yanayofanana sana na hayo yanatoka pia kinywani mwa Dash akimjibu mama yake garini. Filamu inaelekea kukubaliana na mtoto na kumlaani mtu mzima, na haisimami kueleza tofauti iko wapi. Wapo waliosoma humo dharau kwa watu wa kawaida. Siamini kwamba ndiyo nia, kwa kuwa filamu iliyompa heshima yule bibi wa bima haiwadharau watu wa kawaida, lakini uzi huo umeachwa ukining’inia na ulistahili kufungwa.

Lalamiko langu la pili ni Lucius, yaani Frozone, mwenye sauti ya Samuel L. Jackson. Ni rafiki wa kweli, ana utani mzuri, anateleza juu ya barafu anayoitengeneza mwenyewe, na ndiye mtu mweusi pekee mwenye uzito katika hadithi hii. Mkewe tunamsikia akigombana naye nyuma ya ukuta wakati roboti linabomoa mji, na ni sehemu inayochekesha kuliko nyingi, lakini uso wake hatuuoni hata mara moja. Ndoa ya kina Parr imepewa muda wa kutosha. Hii nyingine imepewa sauti tu. Ningetamani dakika tano zaidi nyumbani kwao.

Kwa upande wa sura, hii ni kazi ya miaka ishirini iliyopita na inaonekana hivyo ukitazama nywele za baadhi ya watu wa nyuma au ngozi iliyo laini kama plastiki. Hata hivyo haijazeeka vibaya, kwa sababu wasanii hawakujaribu kuiga picha ya kamera. Bob ana kifua kama kabati na miguu myembamba, Helen amechorwa kwa mikunjo, bosi wa bima ni kidevu na miwani. Samani, magari na nyumba vimechukuliwa kutoka kwenye ndoto ya Marekani ya miaka ya 1960 kuhusu maisha ya kesho: paa bapa, vioo vipana, rangi za chungwa na samawati. Muziki wa Michael Giacchino, ambao ulirekodiwa kwa kanda kama zamani ili upate ule ukali wa tarumbeta, unaitembeza hadithi kwa mwendo wa jazi. Ukiwa na spika mbovu utapoteza nusu ya raha. Diski yangu ya DVD imekwaruzika na hukwama dakika ya sabini na kitu, kwa hiyo tumeshazoea kuruka mbele kidogo, lakini sauti bado ni safi.

Lugha ni kikwazo kwa baadhi ya watazamaji wa kwetu, kwa sababu mazungumzo ni ya haraka, hasa ya Syndrome na ya ofisini. Kwa mtoto ambaye Kiingereza chake ni cha darasani, sehemu za nyumbani na za vita zitaeleweka kwa macho, lakini ile ya kesi na ya bima itahitaji mtu wa kumfafanulia. Hiyo si hasara kubwa. Niliifafanua kwa mwanangu mara moja, na tangu hapo anauliza maswali kuhusu fidia ambayo sina majibu yake.

Sehemu ya pili ilitoka Juni 2018, miaka 14 baadaye, ingawa kwa wahusika ni dakika chache tu zimepita. Safari hii Helen ndiye anayeenda kazini na Bob anabaki na hesabu za Dash, huzuni ya Violet na mtoto mchanga anayegeuka moto. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2. Imechorwa kwa ustadi mkubwa zaidi, na pambano la Jack-Jack na mnyama mwizi wa takataka uani linatosha kulipia tiketi. Ina sehemu zenye mwanga unaomwekamweka kwa kasi, kwa hiyo mwenye kifafa asiitazame bila tahadhari. Naipenda, lakini adui wake hana jeraha tulilolishuhudia likitiwa, na hilo linaipunguzia uzito. Anayeanza, aanze na ya kwanza.

Na akifika karibu na mwisho asiondoke. Familia inarudi mjini ndani ya gari lililoning’inizwa chini ya roketi, Helen amejinyoosha akilishikilia lisianguke, watoto nyuma wanauliza kama wamefika, na mume na mke wanabishana kuhusu njia ipi ya kutokea barabara kuu. Muda mfupi baadaye, mbele ya roboti, Bob anamtaka mkewe akae pembeni. Helen anakasirika, akidhani mumewe anataka tena sifa za peke yake. Bob anajibu kwa sauti ya chini. Mama aliniuliza, “Baba, huyu kasema nini?” Nikamwambia: anasema hawezi kumpoteza tena, hana nguvu za kutosha kwa hilo. Mama alitikisa kichwa taratibu, kisha akaupepeta mchele wake.

Halafu kuna mashindano ya mbio shuleni, miezi mitatu baadaye. Dash ameruhusiwa hatimaye kushiriki, na wazazi wake wamesimama jukwaani wakimpigia kelele aongeze mwendo, kisha apunguze, kisha aongeze kidogo, hadi anavuka mstari akiwa wa pili, amefurahi kupita kiasi. Binti yangu anasema huo ndio uamuzi sahihi. Mwanangu amelitafakari suala hilo kwa miaka minne sasa na msimamo wake haujabadilika: alipaswa kuachwa awe wa kwanza.